Chati ya Mzee Zabroni

Nilistaafu mwezi wa sita. Kabla sijamaliza kupanga vitu vyangu nyumbani, wanafunzi wawili wa chuo cha uuguzi walikuja kuniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Walitaka mambo ambayo hayamo kwenye notsi zao. Nilikubali, ila niliwaambia mapema kwamba sitaandika habari za kupanda daraja wala mshahara. Hayo hayamsaidii mgonjwa, na mengine bado yananiudhi. Nitaandika juu ya mtu aliyenifundisha kutazama, na juu ya miaka michache tuliyofanya kazi pamoja, miaka ya sabini.

Kituo chetu cha afya nitakiita Rusenga. Msikitafute kwenye ramani, jina nimelibadilisha kwa sababu baadhi ya watu wangali hai. Kilikuwa kati ya Kasulu na Kibondo, juu kwenye mwinuko, mahali ambapo asubuhi za kiangazi ilibidi nesi apulize vidole vyake kabla ya kumshika mgonjwa. Tulikuwa na wodi mbili, chumba cha kuzalishia, stoo ya dawa na baraza ndefu ambako watu walisubiri tangu jua halijatoka. Mkuu wa kituo alikuwa Bwana Hamisi, mtu wa Ujiji, tabibu mwenye sauti ya upole na kalamu kali. Tulimwita Bwana Mganga. Chini yake alikuwepo muuguzi mkubwa, Mzee Zabroni, Mha wa huku huku, mfupi, wa makamo, aliyeanza kazi enzi za wakoloni kwa kufagia wodi na kuchemsha bandeji. Cheti chake kilikuwa kidogo kuliko changu. Nililigundua hilo siku ya kwanza, nikajiona mtu. Siku hiyo hiyo nikaacha kujiona.

Nilikuwa nimevaa gauni jeupe lililopigwa pasi mara mbili. Mzee Zabroni alinipokea mlangoni mwa wodi ya wanaume, akaniuliza jina, nikasema Yusta. Akanionyesha kigoda.

"Kaa hapo. Weka mikono mapajani. Usiguse kitu mpaka nirudi."

Nilikaa karibu saa nzima. Wagonjwa walinitazama, mmoja akauliza kwa Kiha kama mimi nami nimekuja kulazwa. Mzee aliporudi alisimama kando yangu.

"Umeona nini?"

"Nimeona wagonjwa, Mzee."

"Hata mimi nimewaona. Utaanza na yupi?"

Nilimwonyesha mtu wa karibu na dirisha, aliyekuwa akilia kwa sauti na kushika tumbo.

"Yule ana nguvu za kulia," alisema. "Atasubiri kidogo. Yule wa kitanda cha mwisho, inzi ametua mdomoni mwake mara ngapi tangu ukae hapa?"

Sikujua. Yule wa kitanda cha mwisho alikuwa amelala kimya ameelekea ukutani, nami nilidhani anapumzika. Nilikuwa hata nimemshukuru moyoni kwa kutonitazama.

"Nilikuwa nje dirishani, nikahesabu mara sita," Mzee alisema. "Hakumfukuza hata mara moja. Twende tuanze naye."

Yule mtu alikuwa na nimonia ya pande zote mbili. Alipona, lakini asubuhi ile alikuwa anaondoka taratibu mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa na gauni langu safi.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Vifaa vilikuwa vichache kiasi kwamba kila kimoja kilikuwa na historia yake. Vipimajoto tulikuwa navyo vitatu, na kimoja kikianguka sakafuni kituo kizima kilijua kabla vipande havijafagiwa. Sirinji za kioo tulizichemsha kwenye sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa, sindano tukazinoa kwenye jiwe, kisha tukazipitisha kwenye pamba kuangalia kama zinakwaruza. Mlio wa sindano butu ikiingia kwenye ngozi bado ninaukumbuka, na naamini wagonjwa wa enzi zile wanaukumbuka zaidi. Lakini Mzee Zabroni alisema kifaa cha kwanza ni macho, cha pili mkono, na kipimajoto kinakuja kuwasaidia hao wawili. Mtoto, alinifundisha, mhesabu pumzi akiwa bado mgongoni kwa mama yake, kabla hajakuona. Ukishamshusha akaanza kulia, umepoteza hesabu na umepata kelele. Mzee anayesema hajambo, mwambie asimame. Mama anayesema mtoto hanyonyi, usibishane naye, muombe amnyonyeshe ukiwa unaona.

Na chati. Mzee Zabroni aliandika kwa mkono mzuri sana, herufi zimeinama kidogo, tarakimu zote za urefu mmoja. Kila kitanda kilikuwa na ubao wake umening'inizwa miguuni, na Bwana Mganga, ambaye alikuwa peke yake kwa watu wote wale, alipita kila asubuhi akisoma zile mbao kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Aliziamini. Alipoona joto limepanda alisimama. Alipoona limetulia alipita.

Sasa nitaje kosa langu.

Ulikuwa mwaka ule watu walipovuka kwa wingi kutoka Burundi. Walifika wamechoka, wengine na watoto wenye surua, na baraza yetu ikajaa hadi uani. Miongoni mwao alikuwepo Leokadia, mama wa miaka kama ishirini na mitano, aliyejifungua mapacha kwetu saa nane na nusu mchana. Mzee Zabroni aliniweka kwake.

"Mama wa mapacha, tumbo lake la uzazi limetanuka sana, linaweza kusahau kujikaza," aliniambia. "Kila robo saa hesabu mapigo, shika tumbo uone kama ni gumu, funua shuka utazame kitambaa. Vitu vitatu. Usiruke hata kimoja."

Mara ya kwanza nilivifanya vyote. Mapigo themanini na manne. Mara ya pili hivyo hivyo. Kisha kukaingia watoto watatu wa surua kwa mpigo, mmoja akiwa hapumui vizuri, nami nikawa nakimbia na beseni. Ilipofika saa tisa na robo nilipita kitandani kwa Leokadia nimeshika trei kwa mikono miwili. Alikuwa amelala kimya. Alisema "amazi", yaani maji, neno ambalo Kiha na Kirundi tunalo sawa. Nilimpa kikombe. Akanywa chote, akaomba tena. Nikampa tena, akatabasamu kidogo. Nikaona huyu hana tatizo. Nikachukua kalamu nikaandika themanini na nne.

Haikupita robo saa nyingine, Mzee Zabroni akaja. Alisoma chati, akamtazama Leokadia usoni, akasoma chati tena. Akamshika kifundo cha mkono, akasimama akitazama saa yake kwa dakika nzima.

"Hii ya saa tisa na robo umeihesabu wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

Alifunua shuka. Kitambaa kilikuwa na damu ya kawaida tu, lakini aliposukuma mkono chini ya mgongo wake ulitoka mwekundu hadi kwenye kiwiko. Godoro letu lilikuwa na bonde katikati, na damu yote ilikuwa imejikusanya humo. Mapigo yalikuwa mia na thelathini na sita.

Yaliyofuata yalikwenda haraka na bila kelele. Mzee alianza kulisugua tumbo kwa kiganja, akaniambia sindano gani nilete, akamtuma mtu kwa Bwana Mganga. Tuliinua miguu ya kitanda kwa matofali. Bwana Mganga alipata mshipa wa dripu mara ya nne, maana mishipa ilikuwa imejificha. Mwisho tumbo likajikaza. Mzee alichukua mkono wangu akauweka pale. "Shika," alisema. "Ndivyo linavyotakiwa kuwa, kama chungwa." Leokadia alikuwa mweupe midomoni, lakini alikuwa anatutazama.

Tulipokuwa tunanawa, Mzee Zabroni alisema bila kugeuka, "Sasa niambie."

"Sikuhesabu, Mzee."

"Hilo najua. Nataka kujua kwa nini uliandika."

"Niliona aibu kuacha nafasi wazi."

"Nafasi wazi ingeniambia kwamba nesi hakufika," alisema. "Ningekuja mbio. Ile uliyoandika iliniambia nikae ninywe chai. Nikakaa nikanywa."

Alinipa kalamu, akanipeleka kwenye chati. Nilikata ile namba kwa mstari mmoja, ili isomeke bado, nikaandika pembeni "haikuhesabiwa" na jina langu. Bwana Mganga aliisoma asubuhi iliyofuata mbele ya wenzangu wote. Alinitazama juu ya miwani, kisha akapita. Ningependa zaidi angenigombeza.

Leokadia alikaa nasi karibu wiki mbili. Siku ya kuondoka, pacha mmoja mgongoni na mwingine kabebwa na dada yake, alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa maneno mengi. Niliyaelewa karibu yote. Sikumwambia kitu. Nilitabasamu tu, na aibu ya siku ile ilinikaa muda mrefu kuliko ile ya mbele ya Bwana Mganga.

Miaka ikaenda. Watu walihamia vijiji vipya, wengine wakapelekwa karibu na pori, nasi tukaanza kuona magonjwa ambayo zamani tuliyasikia kwa wawindaji. Nilikuwa nimeshazoea kazi. Wasichana wapya walikuja, nami nikawa ninawakalisha kwenye kile kigoda.

Kila kiangazi Mzee Zabroni alichukua likizo kwenda porini, mashariki ya Kibondo, alikokuwa na mizinga ya nyuki aliyorithi kwa baba yake. Alirudi na asali, akatugawia kila mtu chupa. Mwaka mmoja alirudi na uvimbe kwenye mkono, juu kidogo ya kifundo, mwekundu na mgumu. Mbung'o ni wengi kule. Alijifunga dawa mwenyewe, akatuonyesha kwa mzaha.

"Jipu hili lina haya," alisema. "Siku kumi halijatoa usaha."

Lilinywea likabaki baka. Akapata homa, akameza klorokwini, homa ikashuka, ikarudi. Huku kwetu homa ilikuwa kama mgeni wa kila mwezi, hakuna aliyeshtuka.

Wiki chache baadaye akaanza kubadilika. Alichelewa kazini, yeye ambaye tulirekebishia saa kwa kuingia kwake. Alimkaripia mama mmoja kwa sababu ya mkeka, mpaka mama wa watu akalia. Siku nyingine alicheka mahali ambapo hapakuwa na la kuchekesha. Nilimwona amekaa na sahani ya ugali na maharage, tonge liko mkononi, kasinzia. Watu wakaanza kusema ni pombe ya ndizi. Mkewe, alipoulizwa, alisema hata yeye hamwelewi, kwamba mchana analala na usiku anazunguka nyumba akihamisha vitu.

Mimi nilifanya jambo ambalo nimewaona wauguzi wengi wakilifanya tangu hapo: nikaanza kumfunika. Nilirudia vidonda alivyofunga vibaya. Nilimwambia Bwana Mganga kwamba Mzee yuko stoo, kumbe kalala kwenye benchi nyuma ya jengo. Nilidhani huo ni upendo.

Kisha akaja mtoto Esteria. Alikuwa na miaka mitano, mama yake alimbeba kutoka Murungu akiwa na homa. Bwana Mganga alimwona, akaandika dawa ya malaria, akamlaza. Mimi nilikuwa upande wa kina mama wajawazito wiki ile, wodi ile ilikuwa ya Mzee Zabroni. Siku ya nne asubuhi niliingia kuazima trei. Nikapita kwa Esteria, nikaona mto umeteleza, nikaweka kiganja chini ya kichwa chake nikamwinua kidogo ili niurudishe. Shingo haikukunjika. Mwili wote uliinuka pamoja na kichwa kama ubao. Na alikuwa anaungua.

Nilichukua chati. Thelathini na saba. Thelathini na saba. Thelathini na saba. Siku tatu, asubuhi na jioni, namba moja, kwa mwandiko ule mzuri ulioinama.

Tulimwita Bwana Mganga. Alisukuma sindano mgongoni mwa mtoto, maji yakatoka yenye ukungu. Homa ya uti wa mgongo. Tukaanza sindano za dawa saa ile ile. Bwana Mganga aliitazama chati, akanitazama mimi, akatoka nje.

Nilimkuta Mzee Zabroni stoo. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisahau adabu. Niliweka ile chati mezani mbele yake.

"Mzee, hizi umezipima?"

"Usinifundishe kazi," alisema kwa ukali. Kisha uso wake ukalegea, machozi yakamtoka, akasema kitu kuhusu baba yake, ambaye alikuwa amekufa zamani. Akachukua kalamu kama mtu anayetaka kuandika. Akasinzia hapo hapo, macho nusu wazi, kalamu ikachora mstari mrefu kwenye karatasi.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka. Sijui nini kilinirudisha. Pengine ni ile kalamu. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, mikono mapajani, nikamtazama kama mtu nisiyemjua. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba, maana mkanda haukuwa na tundu la kumtosha tena. Uso ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho. Vidole vilikuwa vinatetemeka hata akiwa amelala. Viatu havikufungwa. Hakuwa na harufu ya pombe hata kidogo. Na juu ya kifundo cha mkono kulikuwa na baka jeusi, mahali pa lile jipu.

Nilikwenda kwa Bwana Mganga. Alikuwa anaandika.

"Hii ni barua ya kumsimamisha kazi," alisema kabla sijafungua mdomo. "Sikupenda, Yusta. Lakini mtoto wa watu yuko pale, hatujui kama atapona."

"Bwana Mganga, naomba umpime damu kwanza."

"Damu ya nini? Ulevi hauonekani kwenye damu kwa darubini yangu."

"Alitoka porini na jipu lisilo na usaha. Homa inakuja inaondoka. Mchana analala, usiku hatulii. Yule aliyenifundisha mimi hawezi kuandika namba ya uongo akiwa mzima. Naona ni malale."

Bwana Mganga alikuwa mtu wa haki, na nadhani lililomuuma zaidi ni kwamba lile jipu alikuwa ameonyeshwa na yeye pia, akacheka pamoja nasi. Aliifunga kalamu yake. Tulikwenda stoo wote wawili. Mzee aliamka, akatoa kidole bila kuuliza, kama mtoto.

Darubini ilikuwa karibu na dirisha, ina kioo cha kukamata mwanga wa jua. Bwana Hamisi aliinama pale muda mrefu. Kisha akasogea.

"Tazama."

Mwanzoni niliona chembe za damu tu. Halafu chembe za upande mmoja zikaanza kusukumwa, na katikati yake nikamwona mdudu mwembamba akijinyonganyonga. Nikaona na wa pili.

Bwana Hamisi aliikunja ile barua akaitia mfukoni. Sikuwahi kumuuliza aliifanyia nini.

Tulimpeleka Kibondo siku ile ile kwenye lori la pamba, mimi na mkewe tumemshika pande mbili. Pale hospitali walipima maji ya mgongo, wakakuta ugonjwa umeshafika kichwani. Dawa ya hatua hiyo ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Ilikuwa inapigwa kwenye mshipa polepole, kwa sirinji ya kioo iliyokaushwa kabisa, kwa sababu haikutaka hata tone la maji, na ikivuja nje ya mshipa nyama inaoza. Waliniruhusu kukaa wiki ya kwanza. Kazi yangu ilikuwa kumtazama, maana dawa ile wengine iliwaamsha na wengine iliwatia degedege wakafa. Nilihesabu mapigo yake na pumzi zake, nikamuuliza kila asubuhi jina la mkewe na jina la mahali tulipo. Siku mbili za kwanza alinijibu vitu vya ajabu. Siku ya sita aliniuliza kwa nini sijavaa saa yangu upande unaotakiwa. Mkewe alitoka nje akalia huko.

Alikaa Kibondo miezi. Aliporudi Rusenga alikuwa amekonda, mkono wa kulia una mtetemo ambao haukumwisha, lakini akili ilikuwa yake. Hakukumbuka karibu chochote cha majuma yale. Bwana Mganga alimpa kazi ya stoo. Wiki ya pili aliniita, akafunga mlango.

"Wote mnaniambia pole. Hakuna anayeniambia nilifanya nini. Wewe utaniambia. Kuna mgonjwa niliyemdhuru?"

Ningeweza kusema hapana. Mtu alikuwa ametoka kaburini, na kosa halikuwa lake bali la mdudu. Nilimwambia. Esteria alipona homa, lakini masikio yake yote mawili yalikufa. Mama yake aligundua siku ya kuruhusiwa, alipomwita kutoka mlangoni.

Alitaka kuiona chati. Nilimtolea kwenye kabati. Aliishika kwa mkono ule unaotetemeka, akaisoma juu hadi chini, kama inaweza kuwa na kitu kingine. "Mwandiko ni wangu," alisema. Kisha akaniuliza njia ya Murungu, nyumba iko upande gani.

Tulikwenda pamoja Jumamosi, kwa gari mpaka nusu ya njia, kisha kwa miguu kupita mashamba ya mihogo. Tulimkuta mama Esteria uani anamenya mihogo. Alitusalimu vizuri, "mwakeye", akatuletea viti. Mtoto alikuwa kando yake, akitutazama midomo.

Mzee Zabroni hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kwa Kiha, bila kujitetea. Kwamba aliandika joto ambalo hakulipima. Kwamba kama angelipima, dawa ingeanza siku tatu kabla. Alitaja ugonjwa wake mwisho kabisa, kwa maneno machache, kama jambo la pembeni.

Mama Esteria alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Nilijua unaumwa, baba," alisema. "Siku ya pili ulimwekea mtoto kile kioo cha homa kwapani, ukalala umesimama. Ulipoamka ukaandika bila kukitazama. Nikasema huyu baba ni mgonjwa kuliko mwanangu."

"Ungesema, mama," Mzee Zabroni alisema taratibu. "Ungemwambia mtu."

"Nilisema." Alinyoosha kisu alichokuwa akimenyea, bila hasira, kama mtu anayeonyesha njia. "Nilimwambia binti huyu."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa kwenye meza ya barazani, nakunja gozi za kufungia vidonda. Mwanamke alikuja nyuma yangu, akasema yule mzee wetu ana usingizi mbaya, haoni anachoandika. Sikugeuka hata kumtazama usoni. Nilimjibu haraka, kwa sauti ya kumnyamazisha, kwa kuwa wakati ule nilikuwa nimeshazoea kumfunika Mzee: "Amechoka tu, mama. Rudi kwa mtoto."

"Nikarudi kwa mtoto," mama Esteria alisema, kama aliyesikia ninachokumbuka.

Mzee Zabroni hakunitazama. Alichuchumaa chini mbele ya Esteria, akageuza uso wake kwenye mwanga ili mtoto aone mdomo wake vizuri, akamsalimu polepole. Mtoto alimtazama, kisha naye akachezesha midomo.

Mama yake alituambia tusubiri, baba wa mtoto yuko shambani, naye ana haki ya kusikia. Tukasubiri. Alipofika alinawa, akakaa, na Mzee Zabroni akaanza upya tangu mwanzo, safari hii amekaa, kwa kuwa miguu ilikuwa imemchoka. Alieleza homa, alieleza chati. Alipofika pale ambapo mama wa mtoto aliona yeye analala, alinyamaza. Nilielewa kwamba ananisubiri. Nikavuta kiti changu mbele, nikamwambia yule baba sehemu iliyokuwa yangu.